Kila Mtu Likoni

Dama Katana alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazini: kunakili na kubandika. Msinielewe vibaya, msichana alikuwa fundi. Ukimpa programu iliyogoma, atakaa nayo mpaka iseme imegoma kwa nini. Lakini akishaandika kitu kikafanya kazi mara moja, basi, kwake kimekwisha. Akitaka kingine cha kufanana nacho anakinakili, anakibandika chini yake, anabadilisha neno moja, anaenda zake kunywa chai.

Na hivyo ndivyo alivyoiandika programu ya macho.

Shirika moja la madaktari lilikuwa likija Mombasa mara moja kwa mwaka kuwatoa wazee mtoto wa jicho. Upasuaji ulifanywa Jumamosi moja tu, katika vituo sita kwa mpigo: Bamburi, Mtopanga, Mishomoroni, Mikindani, Changamwe na Likoni. Jumapili madaktari wanafungua bandeji, wanafunga mizigo, wanaondoka mpaka mwaka mwingine. Kazi ya ofisi ya Roseline, bosi wa Dama, ilikuwa kuwatumia wazee ujumbe wa simu: kituo chako ni fulani, siku ni fulani, fika saa fulani. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja Mishomoroni, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, meza tatu na feni moja inayolalamika. Roseline alikuwa muuguzi kabla ya kuingia mambo ya kompyuta, na mpaka leo akikutazama unahisi anakupima homa.

Sasa, vituo ni sita, na ujumbe ni uleule. Mtu mwingine angejiuliza. Dama hakujiuliza. Aliandika kipande kimoja cha programu cha kutuma ujumbe wa Bamburi, kile ambacho watu wa kazi hiyo hukiita fanksheni, mistari arobaini mizima. Kikafanya kazi. Akakinakili mara tano. Fanksheni sita, zinafanana neno kwa neno isipokuwa jina la kituo.

Mwezi wa pili, wazee walipoitwa kupimwa tu, yakamkuta. Dakika za mwisho daktari alisema wazee watatiwa dawa ya macho na hawataona vizuri kwa saa kadhaa, kwa hiyo kila mmoja aje na mtu wa kumshika mkono. Dama akaongeza sentensi hiyo Bamburi, akaibandika Mtopanga, Mishomoroni, Mikindani, Likoni. Changamwe akaisahau. Wazee arobaini na watatu wa Changamwe wakafika peke yao, wengine wamepapasa ukuta tangu stendi, wakaambiwa warudi. Roseline alikwenda mwenyewe kuwapigia magoti, na akambembeleza daktari mmoja abaki siku ya pili. Shirika likasema: hili tumelimeza, la pili hatulimezi.

Aibu hiyo ilimkaa Dama kooni. Lakini kulikuwa na kubwa kuliko aibu, nalo lilikuwa Bibi Kafedha.

Bibi Kafedha, mama yake baba, alikuwa na miaka sabini na minane. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani. La kulia lilikuwa na ukungu mzito, anaona mwanga na kivuli, basi. Mwaka juzi alikosa nafasi. Mwaka jana karatasi yake ilipotea mezani kwa mtu, akakaa foleni kutwa nzima na jina halikuitwa. Mwaka huu daktari aliyempima alisema waziwazi kwamba mtoto wa jicho akiachwa akomae mwaka mwingine, hatamwahidi kitu. Jumamosi hii, kituo cha Mishomoroni. Akikosa, amekosa.

Mnaelewa basi kwa nini Jumatano ile Dama aliipitia programu yake mara ya tano, kidole kwenye skrini, midomo ikicheza.

Jacktone, mwenzake wa meza ya pili, akaja na kikombe chake akasimama nyuma yake. Jacktone alitoka Kisumu miaka saba iliyopita akaoa akakaa Likoni, lakini Kiswahili chake bado kilikuwa kimevaa viatu vya Nairobi, alikosomea.

"Dama, hii ni nini?"

"Ni programu."

"Hii si programu, hii ni fotokopi. Manze, wakisema mbadilishe salamu, utabadilisha mara sita?"

"Nitabadilisha."

"Na Changamwe?"

Hapo alimgusa kidonda. Dama akageuka na kiti chake, na mimi najua angemjibu nini lau Roseline hangekuwa chumbani.

"Sikia basi," Jacktone akasema, akavuta kiti. "Andika fanksheni moja, kazi yake ni kuzaa zingine. Inakuzalia ya Bamburi, inakuzalia ya Likoni. Kila moja ikizaliwa inaondoka na jina la kituo chake, inalibeba kila mahali. Hauiambii tena."

"Inalikumbukaje, na imeshatoka?"

"Imezaliwa kwa hiyo nyumba. Ya nyumba yao inayajua. Tunaiita kloja."

"Na ujumbe?"

"Ujumbe unaandika mara moja tu. Ukiubadilisha, umebadilika kwote."

Dama alikuwa amewahi kulisoma jambo hilo chuoni, akalifaulu kwenye mtihani, akaliacha hukohuko. Sasa lilimwingia kwa sababu lilikuwa na wazee arobaini na watatu ndani yake. Akakaa. Kufikia alasiri mistari mia mbili na arobaini ilikuwa imebaki hamsini na miwili. Alipozifuta zile fanksheni sita, moja baada ya nyingine, alisikia raha ya mtu anayevua viatu vya kubana mbele ya mlango wake. Akaijaribu kwa kutuma ujumbe mmoja kwenye simu ya Jacktone, mtu wa Likoni. Simu ikalia: *Kituo chako ni Likoni.*

"Umeona?" Jacktone akasema.

"Nimeona," Dama akasema, akaenda nyumbani akiimba.

Jamani, hakuwa ameona kitu. Subirini.

Alhamisi saa tatu asubuhi lilibaki jaribio la mwisho. Ujumbe wenyewe ulipangiwa kutoka saa sita kamili mchana, kwa wazee mia saba na arobaini. Dama hakuwa na simu sita za kujaribia. Nani anazo? Alichokuwa nacho ni jamaa, na jamaa zake walikuwa wametapakaa bara zima la Mombasa. Baba yake mdogo Kenga alikuwa mlinzi Changamwe. Binamu yake Felix alikaa Mikindani. Kaka yake alifundisha shule Mtopanga. Binamu mwingine alikuwa kiwandani Bamburi. Likoni kulikuwa na Valarie, mke wa Jacktone. Na Mishomoroni kulikuwa na simu ya mama mdogo Lynnette, mke wa baba mdogo Tinga, anayekaa na Bibi Kafedha. Namba ya Bibi kwenye orodha ilikuwa hiyohiyo ya Lynnette, kwa kuwa Bibi hana simu.

Usiku uliotangulia Dama alikuwa ameandika kwenye kundi la familia la wasap: kesho mtapata ujumbe wa majaribio, msiutie maanani. Wote waliuona ila Lynnette. Lynnette hakuwa na bando tangu Jumatatu.

Basi Dama akajaza tarehe ya leo ili ujumbe utoke papo hapo, akabonyeza, akashuka kununua mahamri na mbaazi kwa mama wa pale chini. Aliporudi simu yake ilikuwa inatembea juu ya meza.

"Dama!" Alikuwa Kenga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mimi hapa niko getini Changamwe, macho yangu yote mawili mazima, naambiwa niende Likoni leo nikapasuliwe. Kwani umeniona nimezeeka lini?"

"Ni majaribio, baba, si niliandika?"

"Najua ni majaribio. Lakini Likoni? Umesahau nakaa wapi?"

Dama akacheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akamwandikia Felix wa Mikindani: umepata nini? Likoni. Akamwandikia wa Bamburi: Likoni, na kikaragosi cha mtu anayekuna kichwa. Wa Mtopanga: Likoni. Valarie pia Likoni, na huyo tu ndiye aliyekuwa sawa.

"Dada Roseline," Dama akaita, sauti imekuwa ndogo. "Zote zimesema Likoni."

"Zote ngapi?"

"Tano zilizojibu. Ni za nyumbani tu."

Roseline akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa, akavua miwani, akasema polepole, "Kwa hiyo ingekuwa ni zile mia saba na arobaini, Jumamosi asubuhi wazee wote wa bara hili wasioona wangekuwa wanasukumana kwenye feri. Wa Bamburi, wa Changamwe, wote. Waende kituo chenye madaktari wawili."

"Ndiyo, dada."

"Una saa mbili."

Wakati huohuo simu ikalia tena. Ilikuwa ni Lynnette, na kwa sauti yake ungedhani ni siku ya harusi.

"Mwanangu ee, Mungu akubariki! Ujumbe umefika. Wamemwita Bibi leo, Likoni. Nimemwogesha nimemvika, ameshaondoka."

"Mama mdogo! Ameondoka na nani?"

"Na Baya."

"Baya yupi?"

"Baya, si Baya! Nipo kwenye foleni ya maji miye, chaji inaniisha..." Na kweli ikamwisha. Dama akabaki na simu sikioni, inalia tii tii tii.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwao, la sivyo hamtanielewa. Kwa Wagiriama mtu akipata mtoto wa kiume wa kwanza humpa jina la babake mwenyewe. Marehemu mume wa Bibi Kafedha aliitwa Baya. Alizaa wana watatu: Katana, ambaye ndiye babake Dama, kisha Kenga, kisha Tinga. Katana akapata mwana akamwita Baya. Kenga akapata wake, Baya. Tinga naye, angefanyaje, Baya. Wa Katana ndiye mwalimu wa Mtopanga. Wa Kenga ndiye wa kiwandani Bamburi. Wa Tinga aliendesha tuktuk. Sikukuu wakikutana uwanjani kwa Bibi, yeye akaita "Baya!", vinaitika vidume vitatu "Naam!" kwa pamoja, na kwa kuwa haoni, anamtuma aliyefika karibu yake wa mwisho.

Dama akampigia kaka yake, Baya wa Katana.

"Bibi yuko na wewe?"

"Mimi niko darasani, Dama. Bibi atafuata nini darasa la sita?"

Akampigia Baya wa Kenga. Huyo alisikika juu ya mngurumo wa mitambo. "Mimi ninaye? Mimi ninayo saruji!"

Dama akashika kichwa. Bibi wa miaka sabini na minane, jicho moja la ukungu, katikati ya ule umati wa feri ambao hata mwenye macho manne unamkanyaga vidole. Na kituo cha Likoni leo kimefungwa. Akataka kulia. Akajikaza, akarudia maneno ya Lynnette moyoni mwake. Na Baya. Baya, si Baya!

Akapiga meza. "Mjinga mimi! Ni Lynnette aliyesema!"

Jacktone akainua kichwa. "Nini?"

"Lynnette ni mke wa Tinga. Nyumbani kwake Baya ni mmoja tu, ni mwanawe. Hana haja ya kusema wa nani. Angekuwa ni Bibi anaita uwanjani, hapo ndipo pangekuwa na kazi ya kuuliza. Lakini kwa Lynnette, ndani ya nyumba yake, Baya ni Baya." Alikuwa ameshapiga namba ya Baya wa Tinga. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Jack, Valarie yuko wapi?"

"Sokoni Likoni, kwa viazi vyake. Ile holo, ule ukumbi wa kituo, iko nyuma ya soko, hatua chache." Jacktone hakungoja kuombwa. Akatoka nje kwenye ngazi, akaanza kuzungumza na mkewe kwa Kijaluo, mkono mmoja hewani.

Dama akaikabili skrini. Kichwa chake, ajabu, kilikuwa kimetulia. Nadhani ni yale aliyoyasema yalikuwa bado yananing'inia chumbani. Ndani ya nyumba yake, Baya ni Baya. Akashuka mstari kwa mstari mpaka mahali programu inapoizungukia orodha ya vituo sita, na pale akaliona, limekaa mchana kweupe, wala halikuwa limejificha.

Jina la kituo alikuwa ameliweka nje. Alipoandika ile fanksheni mama, kwa haraka yake ya Jumatano, hakuipa jina mkononi iingie nalo ndani. Aliliweka juu, mahali pa wazi, jina moja kwa wote. Programu ikizunguka inaandika hapo Bamburi, inazaa mtoto wa kwanza. Inafuta, inaandika Mtopanga, inazaa wa pili. Inafuta tena, mpaka mwisho, Likoni. Na watoto wote sita, kila mmoja akiulizwa "kituo chako kipi?", hana jibu la kwao ndani. Anachungulia uwanjani, na pale uwanjani, baada ya kufuta kote kule, amesimama mmoja tu wa mwisho. Likoni. Jana alipojaribu kwa simu ya Jacktone alijaribu ile moja ambayo hata ikikosea inapatia.

"Nimewazaa bila nyumba," akasema peke yake.

Akaichukua ile sehemu, akalitoa jina uwanjani, akaipa fanksheni mama ilipokee mlangoni na kuliweka ndani. Kila mtoto azaliwe na jina lake, chini ya dari yake, lisilofutwa na mtu wa nje. Hakuongeza mstari hata mmoja, aliuhamisha tu. Saa nne na dakika ishirini akabonyeza tena, kwa jamaa walewale, na safari hii juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: HAYA NI MAJARIBIO, USIENDE POPOTE.

Akangoja. Roseline alikuja akasimama nyuma yake.

Baya wa Kenga: Bamburi.

Baya wa Katana: Mtopanga. Niache nifundishe.

Felix: Mikindani.

Kenga mwenyewe akapiga, haandiki huyo. "Changamwe! Sasa umenijua, mwanangu."

Valarie akatuma Likoni, na chini yake maneno mawili. *Nimempata. Piga.*

Dama akapiga. Valarie akasema, "Yuko sawa, amekaa kwa ngazi za holo na kibegi chake. Huyo kijana anabishana na mlinzi afungue mlango. Nimempa uji. Zungumza naye."

"Dama?" Sauti ya Bibi Kafedha ilikuwa ya taratibu, mbali kidogo na simu. "Mlango umefungwa."

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Tumekuja mbio, lakini mlango umefungwa. Daktari ameshaondoka?"

Dama akaibana simu sikioni. "Hapana, Bibi. Daktari hajafika. Ni mimi nimekosea, nisamehe. Si leo. Ni Jumamosi, na ni hapohapo Mishomoroni, karibu na nyumbani."

Nyuma ya Bibi soko la Likoni lilikuwa linapiga kelele zake, mtu anauza ndimu.

"Basi sijakosa?"

"Hujakosa, Bibi. Wallahi hujakosa."

"Ah!" akasema Bibi Kafedha, Mkristo wa benchi la mbele kabisa kanisani lakini mzaliwa wa pwani, "Alhamdulillahi. Nilikaa hapa nikajiambia, Kafedha, umekosa tena." Akavuta pumzi ndefu. "Uji huu mtamu. Huyu binti ni wa nani?"

Dama aliweka simu mezani akalia, machozi ya wazi, bila kujifuta. Roseline akamwekea mkono begani, na mkono ule haukuwa unapima homa.

"Utalilia mkono wangu ukimaliza," Roseline akasema. "Lakini maliza. Kuna mia saba na arobaini."

Mnadhani yameisha? Saa sita kasoro dakika kumi simu ya ofisi ikalia. Roseline akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, sawa, akaikata. Uso umebadilika.

"Shirika. Wanasema saa imebadilika. Wazee wafike saa moja, si saa mbili. Na waje wamekunywa dawa zao za presha." Akamtazama Dama. "Vituo vyote sita. Tuombe watuongezee muda?"

Wiki moja nyuma Dama angezirai. Fanksheni sita, mistari arobaini kila moja, dakika kumi, na Changamwe inamchungulia. Sasa alivuta kiti, akaenda pale ujumbe ulipoandikwa mara moja tu, akabadilisha mbili kuwa moja, akaongeza sentensi ya dawa. Ilimchukua muda wa kumenya ndizi.

"Tayari."

"Tayari nini?"

"Vyote, dada."

"Na Changamwe?" Jacktone akauliza, anatabasamu.

"Changamwe imo. Hata nikitaka kuisahau siwezi, sina pa kuisahaulia." Akawatumia jamaa kwa mara ya tatu, maskini wale, na wote sita, hata Lynnette aliyekwisha pata chaji, wakajibu saa moja na dawa ya presha, kila mmoja kwa kituo chake. Kenga alijibu kwamba hana presha ila anayopewa na Dama.

Saa sita kamili ujumbe ukaondoka. Watatu wale walikaa wakiitazama skrini inavyohesabu, hakuna anayegusa kitu. Ulipofika mia saba na arobaini Roseline akaenda dirishani, akafungua vidirisha vyote viwili, akasema, "Leo chakula cha mchana ni kwangu," na feni nayo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, ikazunguka bila kulalamika. Au labda hakuna aliyeisikia.

Jumamosi wazee walifika kila mmoja kwake. Siwezi kuwaambia kila kituo kilikuwaje, lakini najua Changamwe walifika wakiwa wameshikwa mikono, na Mishomoroni saa moja kasorobo Bibi Kafedha alikuwa wa tatu kwenye benchi, na jina lake likaitwa, la kwake hasa, naye akaitika "Abee" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Jumapili baada ya ibada familia nzima ilikusanyika uani pa kituo. Bibi alikalishwa kwenye kiti cha plastiki. Nesi akafungua bandeji polepole, akamfuta, akamwambia afumbue jicho asijilazimishe. Bibi akafumbua. Akapepesa. Chozi likamtiririka, akaliacha.

Vidume vitatu vilikuwa vimesimama mstari mmoja mbele yake, wamekubaliana, wahuni wale, kutofungua mdomo ili wamjaribu. Kwa miaka mitatu alikuwa anawajua kwa sauti tu, na akiita anampata aliyemkaribia.

Bibi akawatazama mmoja mmoja, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote.

"Wewe Baya wa Katana," akasema. "Umeota mvi, mwalimu, na mimi sikuambiwa." Akasogeza jicho. "Baya wa Kenga. Kumbe umefanana na marehemu hivi." Akageukia wa tatu, akamnyooshea kidole. "Na wewe ndiye Baya wa Tinga, uliyenipeleka Likoni simu yako imezimika."

"Naam, Bibi."

Dama alikuwa amesimama pembeni, mkono mdomoni. Bibi akamwona. Akamtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma, halafu akatabasamu.

"Hata wewe usisimame huko kama mgeni. Njoo, kesho twende sote." Akajiinua kutoka kitini, akaukataa mkono wa nesi. "Baya wa Tinga, utanipeleka feri tena. Alhamisi nilipanda kwenda nikapanda kurudi, nikasikia inanguruma tu. Nataka kuiona."